Friji la Milango Miwili

Jua lilikuwa halijafika utosini, lakini bati la kibanda cha Tusekile lilishapata moto na maziwa ndani ya friji lake dogo yalikuwa vuguvugu. Aliingiza mkono, akagusa pakiti ya juu, akagusa ya chini. Zote sawa, kama maji ya kumwogeshea mtoto mchanga. Alitoboa moja kwa jino, akaonja, akatema nje kwenye vumbi la Mwanjelwa, Mbeya. Yalishaanza kuchacha.

"Kaka Gwakisa, hebu weka mkono wako humu."

Gwakisa, kijana wa Kampuni aliyezunguka na pikipiki kukagua mawakala wa maziwa, hakuweka mkono. Alitoa simu, akaiangalia.

"Mfumo unaonyesha friji lako lina baridi ya kutosha, mama."

"Huo mfumo uko wapi?"

"Uko kwenye wingu."

Tusekile alichungulia nje. Wingu pekee lililokuwepo lilikuwa limeulalia mlima Loleza, na halikuonekana kujua habari za maziwa.

"Siyo hilo," Gwakisa alicheka. "Wingu la kompyuta. Ndani ya kila friji letu kuna kidude chenye laini, kama simu. Kinapeleka habari Iringa: joto, umeme, mlango umefunguliwa mara ngapi. Wale wa Iringa wamekaa kwenye viti vyao, wanaona kila friji la Kampuni Nyanda za Juu nzima."

"Basi waambie hao waliokaa kwamba maziwa yangu yameharibika."

"Yakiharibika wakati mfumo unasema baridi ipo, huo ni uzembe wa wakala. Mimi situngi sheria, mama." Akapiga pikipiki teke, ikawaka. "Kaza buti. Ukipata nyota za kutosha kwenye simu yako utapewa friji kubwa. Kama la mwenzio."

La mwenzio. Hakuhitaji kuonyesha kwa kidole. Ng'ambo ya kichochoro, kwenye kibanda cha Yusta, lilisimama friji la milango miwili ya kioo, refu kama mlango wa kanisa, likimulika mwanga mweupe mchana kweupe. Wanafunzi, makondakta, wake za watu waliotoka sokoni, wote walivutwa na ule mwanga kama kumbikumbi. Walipita mbele ya Tusekile bila kugeuza shingo.

Wivu haukumwingia Tusekile siku moja. Zamani yeye na Yusta walikuwa wakikaa benchi moja, wakimenya karanga na kuwasema waume zao. Kisha mume wa Tusekile akaenda Chunya kutafuta dhahabu, akapotelea huko. Wa Yusta akabaki, anashona viatu, jioni anakuja kumsaidia mkewe kufunga banda. Tusekile alilimeza hilo. Lakini Kampuni ilipokuja ikaleta pia kitu cha kwenye simu, na kitu hicho kilimwonyesha kila asubuhi, kabla hajanawa uso, jirani yake ameuza vipi jana. *Yusta yuko mbele yako. Usikubali!* iliandika, na picha ndogo ya ng'ombe anayetabasamu. Akaanza kulala akimwaza Yusta, akaamka akimwaza Yusta. Akijipikia ugali aliuona wa Yusta una nyama.

Na kilichomuuma zaidi ni kwamba Yusta alikuwa mwema.

"Dada Tuse, leta pakiti zako nikuhifadhie," alimwita siku za joto. "Huku kuna nafasi."

"Nashukuru. Ya kwangu yana baridi."

"Nakuona unavyoyamwaga mtaroni, dada."

"Nimesema yana baridi."

Moyoni alisema: ananionyesha nafasi yake. Mhehe huyu, na Kampuni ni ya kwao Iringa. Atakosaje kupewa kubwa? Alijua si kweli. Gwakisa mwenyewe alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu kama yeye, na hakumpa chochote. Lakini uongo ule ulimpoza kidogo, kama kujikuna penye upele.

Siku ambayo Yusta alipata habari za msiba, kaka yake amefariki Kihesa, Iringa, alikuja mbio na khanga imemponyoka begani.

"Ninaondoka na basi la sasa hivi. Baba Happy tunakwenda naye. Happy atauza dukani, shule zimefungwa. Niangalizie mwanangu, dada."

"Poleni sana. Nendeni, mimi nipo."

Alisema kwa dhati. Mchana akavuka kichochoro kwenda kumsalimia binti, na akiwa amesimama pale mbele ya vile vioo, akaona kitu. Nyuma ya pakiti za maziwa, rafu ya chini, kilifichwa kifurushi cha mfuko mweusi, kimefungwa na mpira.

Kampuni ilikataza kuweka chochote kisicho chake ndani ya friji. Tusekile alihisi damu ikimpanda masikioni. Kumbe! Ana biashara nyingine humo, barafu au samaki, ndiyo maana watu hawaishi kwake. Happy alikuwa ameinama akihudumia wateja. Tusekile akainua simu kana kwamba anatafuta mtandao, akapiga picha.

Kwenye kile kitu cha Kampuni cha kwenye simu palikuwa na sehemu iliyoandikwa *Linda ubora wetu*. Aliketi juu ya kreti lake, kidole kikaelea juu ya kitufe. Akilini alimwona Yusta amebeba kapu la msiba. Alimwona tena Yusta akitoa pakiti zenye ukungu wa baridi, akizifuta kwa kitambaa cheupe, akicheka na wateja wake. Akabonyeza.

*Asante, wakala mwaminifu!* Nyota zikamwagika kwenye kioo cha simu kama punje za mahindi. Akatabasamu peke yake, kisha akatazama pembeni asije mtu akamwona.

Kulipopambazuka kesho yake, mwanga wa friji kubwa ulizimika. Hakuna aliyeligusa. Lilitoa mlio mfupi, klak, makomeo yakajifunga, na juu ya milango ikawaka taa nyekundu. Happy alivuta mpini. Akavuta tena kwa mikono miwili. Wateja walisubiri kidogo, wakaguna, wakavuka kichochoro.

Wakaja kwake. Tusekile aliuza siku ile kama hajawahi kuuza. Hata ya vuguvugu yalinunuliwa. Kila alipoinua macho alimwona Happy na simu sikioni, akiongea, akisikiliza, akifuta uso. Analilia mauzo ya mama yake, aliwaza. Nimeyalilia mimi, hakuna aliyeniuliza. Hakuvuka.

Siku ya pili ilikuwa imefika alasiri aliposikia Mzee Sosthenes, muuza mitumba wa jirani, akimwita kwa sauti kali.

"Wewe mwanamke! Mtoto wa mwenzio anatapika tangu asubuhi, wewe umekaa tu unauza?"

Tusekile alivuka. Happy alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ameuegemeza kwenye friji, chupa tupu za maji zimemzunguka. Midomo ilikuwa imekauka na kupasuka. Alipumua kwa nguvu, kama aliyepanda mlima, na pumzi zake zilinuka kama ndizi zilizoiva kupita kiasi.

"Happy, unaumwa nini, mama?"

"Dawa yangu, mama mdogo. Imo humo."

"Dawa gani?"

"Ya sukari. Ya kujichoma. Ipo kwenye ule mfuko mweusi."

Tusekile alishika ukingo wa meza.

"Kwa nini mnaiweka humu?"

"Inataka baridi. Nyumbani hatuna friji." Akameza mate ambayo hayakuwepo. "Mama aliwaomba Kampuni ruhusa. Walisema friji ni la maziwa. Nilikwenda zahanati, dawa hawana mpaka siku ya kliniki."

"Kwa nini hukuvunja, jamani?"

"Mama kasema nisivunje. Yuko ofisini kwao huko Iringa tangu jana, ametoka msibani. Wanamwambia wanafungua sasa hivi."

Tusekile alipiga namba ya Kampuni. Sauti tamu ya mwanamke ikamshukuru kwa uvumilivu wake, ukapigwa muziki. Akakata, akampigia Gwakisa.

"Gwakisa, fungua friji la Yusta. Mtoto anakufa."

"Mama Tuse, mimi siwezi kufungua. Ruhusa inatoka Iringa."

"Yusta yuko hapo hapo Iringa!"

"Basi avute subira. Kuna taarifa ya ubora, lazima ipitiwe na mtu wa juu. Na mtu wa juu yuko semina."

Alikata simu. Aliokota jiwe ambalo Yusta alizuilia mlango wa banda, akalipiga kwenye kioo. Halikuvunja. Akapiga tena, akapiga kwa kilio, mpaka kioo kikaporomoka na friji likaanza kupiga king'ora kama mbuzi anayechinjwa. Alipenyeza mkono kati ya vipande, akautoa na ule mfuko, na damu ikimchuruzika hadi kwenye kiwiko. Happy hakuweza tena kushika sindano. Mzee Sosthenes akasimamisha bajaji, wakampakia, na njia nzima kwenda hospitali Tusekile alimpiga makofi madogo shavuni, akimwita jina lake.

Gwakisa alikuja asubuhi iliyofuata. Alizunguka friji, akapiga picha kila upande.

"Nani kavunja?"

"Mimi." Tusekile aliinua mkono uliofungwa bandeji.

"Usiseme hivyo, mama."

"Nimevunja mimi, na Sosthenes shahidi. Msimguse Yusta."

"Friji limesajiliwa kwa jina la Yusta. Likivunjika, limevunjika mikononi mwa Yusta. Mfumo hauna mahali pa kuweka jina la mtu mwingine."

"Basi andika kwamba mtoto alikuwa anakufa."

"Hakuna mahali pa kuandika hivyo pia." Hakuwa anafanya mzaha, alimgeuzia simu aone. "Unachagua: wizi, fujo, uzembe. Nimechagua uzembe. Ndilo kosa jepesi kuliko yote, nimemhurumia. Lakini uwakala ameupoteza."

Tusekile aliushusha mkono. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Na ile picha? Mnamjua aliyeituma?"

Gwakisa alimtazama kwa muda, akavaa kofia yake ya pikipiki.

"Mimi sioni nani katuma. Hiyo ni siri ya mfumo. Ninachoona ni nyota zilikokwenda." Akapunguza sauti, akampa pole kwa Kinyakyusa kama mtoto wa nyumbani, kisha akarudi kwenye Kiswahili cha kazini. "Sasa wewe ndiye wakala wa kwanza Mwanjelwa. Kioo kitabadilishwa, na hili linahamia kwako."

"Nikilikataa?"

"Mfumo utauliza kwa nini unakataa. Na hilo dogo nalo litachukuliwa. Utauza nini?"

Alitaka kukataa. Alilitazama lile friji, upana wake, rafu zake, ule mlango wa pili uliobaki mzima. Na aliona aibu, kwa sababu hata wakati ule, damu ikiwa haijakauka vizuri kwenye bandeji, jicho lake lilikuwa linapima kama litaingia bandani kwake.

Hakukataa.

Yusta alirudi, akapitiliza moja kwa moja hadi hospitali. Alipokuja Mwanjelwa siku ya kuhamisha friji, alikuwa amekonda usoni na nguo ya msiba ilikuwa bado mwilini. Mafundi wa Kampuni walishaweka kioo kipya. Tusekile alipomwona, aliinuka kwenye kreti lake.

"Happy anaendeleaje?"

"Yupo. Jana alifumbua macho, akanitazama kama mgeni. Madaktari wanasema tungoje." Yusta aliketi kwenye kreti la Tusekile. "Nilikaa pale ofisini kwao, dada. Kuna kijana ana kioo kikubwa mbele yake, ramani nzima ya mikoa yetu, nukta za kijani tele. Akanionyesha yangu, nyekundu. Nikamwambia, mwanangu, bonyeza hapo. Akasema yeye hana mamlaka ya kufungua. Ana mamlaka ya kuona."

"Yusta..."

"Wanasema kuna wakala kanipiga picha. Hawamtaji. Namjua, ni yule wa kona ya stendi, siku zote ananitazama kwa jicho la husuda."

"Yusta, nisikilize..."

"Usiseme kitu." Yusta aliushika mkono wenye bandeji, akauweka kwenye shavu lake. "Ulimwaga damu yako kwa ajili ya mwanangu. Kama lazima liondoke kwangu, heri liende kwako kuliko kwa mtu baki."

Tusekile alifungua mdomo. Maneno yalikuwa pale, yamejipanga. Nyuma yake mmoja wa vibarua akaita kwamba friji limekwama kwenye mtaro, na Yusta akauachia mkono, akainuka, akajifunga khanga kiunoni.

"Msililaze! Mtaliharibu. Sukumeni huku mmeliinua." Akatia bega lake. Akaguna nao, hatua kwa hatua, akiliingiza bandani kwa Tusekile, mpaka likaziba ukuta mzima na wanawake wawili wakabaki wamebanana kati yake na meza. Likachomekwa kwenye umeme. Mwanga mweupe ukawamwagikia wote wawili.

Yusta alilifuta alama za vidole vya vibarua kwa ncha ya khanga ya msiba.

"Mlango wa kushoto ni mbishi," alisema. "Usipoufunga vizuri baridi inatoka, halafu watakuandikia uzembe. Usitumie mkono, una jeraha. Tumia nyonga. Jaribu nione."

Tusekile alisukuma kwa nyonga. Mlango ukarudi.

"Zaidi," Yusta alisema. "Zaidi, dada. Usilionee haya."