Mpangilio wa Kimya

Ghorofa lilipoanguka, mdogo wangu alikuwa chini kabisa, kwenye chumba cha chini ya ardhi alichokipanga kwa kazi yake ya kufua bati. Kamanda wa kikosi cha uokoaji alipojua kuwa ni ndugu yangu wa tumbo moja, akaniambia niende nyumbani, kazi hii haifanywi na mtu mwenye damu yake humo. Nikamwambia sawa, naenda, ila kwanza anionyeshe nani mwingine hapa anayejua kuifungua programu yetu ya kusikilizia bila kuifanya igande. Akatazama pembeni. Nikavuta kiti nikakaa.

Kazi yangu ni kusikiliza. Vile vinasa sauti tunavyovishusha kwenye nyufa na kuvibandika kwenye nguzo tunaviita masikio, na mimi wananiita Mama Masikio. Yote yanaleta sauti kwenye kompyuta yangu papo hapo, kila sikio na mstari wake kwenye kioo. Sasa, huwezi kuyasikiliza yote kwa namna moja. Sikio linaloning'inia shimoni lina mambo yake, na lililobandikwa kwenye zege lina yake. Kwa hiyo programu ina mipangilio, na kila mmoja nimeupa jina. Kimya ni wa kusikiliza mashine zote zikiwa zimezimwa. Zege ni wa kupima sauti inatokea upande gani. Pampu ni wa kusikiliza wakati pampu inafanya kazi. Unafungua mmoja tu kwa wakati, na kila ukibadilisha, programu inayapima masikio upya, moja moja, taratibu, kama bibi harusi anayejua kuwa anasubiriwa.

Tulikuwa kwenye Pampu tangu mwanzo. Bomba kuu la maji lilikuwa limepasuka chini ya kifusi, koki yake imefukiwa, na maji yalikuwa yanaingia chumba kilekile cha mdogo wangu. Pampu ikizimwa, maji yanapanda. Pampu ikiwaka, masikio yote yanajaa du-du-du-du. Ndiyo maana waliotengeneza programu wakautia mpangilio huo chujio: sauti yoyote inayojirudia kwa mwendo mmoja bila kukoma inaondolewa, kwa sababu hiyo ni mashine. Mtu aliyefukiwa hagongi hivyo. Anagonga kwa pupa, anachoka, analia, anapumzika, anagonga tena.

Jana kutwa na leo mpaka adhuhuri, mistari yangu ya chini ilikuwa imelala.

“Mama Masikio,” kamanda akasema, mikono kiunoni, “huko chini hakuna mtu. Aliye hai, nataka kusema. Wa ghorofa ya pili tunawasikia bila hata mashine yako, wanaita. Katapila limefika. Nikilipitisha upande huu nawafikia kabla ya giza.”

“Likipita upande huu, sakafu inashuka juu ya chumba chake.”

“Najua.”

“Unajua! Unajua halafu unakuja kuniambia mimi?”

Si mtu mbaya kamanda, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Angekuwa mbaya ningemtukana nikapumua.

Wifi yangu, mke wa mdogo wangu, alikuwa nyuma ya kiti changu, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hakuwa amelia tangu jana. Alikaa tu, na kidole chake kilikuwa kinagonga ubavu wa ndoo, ta, ta, ta, ta, mpaka nikashindwa kuvumilia.

“Wifi, jamani! Acha hiyo kelele, nasikiliza.”

Akautazama mkono wake kama si wake. “Samahani wifi. Ni mazoea. Hiyo ndiyo ya kaka yako.”

Huwa anamwita hivyo, kaka yako, ingawa anajua vizuri nimemtangulia kuzaliwa.

“Yule hata akilala mkono unafua sanduku,” akaendelea. “Watoto wamekua na hiyo kelele. Siku akiumwa akanyamaza, ndipo wanapoamka usiku.”

Nikageuka na kiti chote. “Anapogonga hapumziki?”

“Nani, yule? Apumzike? Ukimsemesha anakujibu huku anagonga. Ukimletea chakula anakuambia weka hapo, huku anagonga.”

“Mwendo mmoja?”

“Mwendo mmoja, wifi. Tumegombana miaka yote kwa ajili ya huo mwendo mmoja.”

Kama mdogo wangu alikuwa anagonga huko chini jinsi anavyogonga kazini, basi programu ilikuwa inamfuta. Kila pigo lake tangu jana lilikuwa linahesabiwa kuwa ni pampu na kutupwa, na mimi nimekaa hapa naangalia mistari iliyolala, namwombea kwa Mungu apige hata mara moja.

“Zimeni pampu!” nikapiga kelele. “Zimeni!”

Fundi pampu, bwana mmoja mnene ambaye hata msibani hakosi utani, akanitolea macho. “Taratibu, mama. Hii pampu ni kama mama mkwe wangu, ukishaikatisha maneno haikusemeshi tena.” Kisha akaona uso wangu, akaacha. Akamgeukia kamanda. “Nasema kweli, mkuu. Hayo maji ni tope tupu. Nikiizima, tope linatulia humo ndani. Kuiwasha tena siwezi kukuahidi.”

Kamanda akanitazama mimi. “Una uhakika?”

“Sina. Nitaupata wapi uhakika na pampu inanguruma?”

Alifuta jasho kwa kiganja, akamtazama wifi yangu, akatazama katapila. “Zima. Kidogo tu.”

Pampu ikakohoa ikanyamaza. Nikafungua Kimya. Programu ikaanza kuyapima masikio, la kwanza, la pili, na mimi nainong'oneza, haraka basi, haraka, mwanaharamu wewe. Mistari ikatokea. Kwenye sikio la shimo la ngazi mstari ukainuka, ukashuka, ukainuka, ukashuka. Nikazibana hedifoni kwa viganja vyote viwili.

Ta. Ta. Ta. Ta.

“Yuko hai!” Sijui kama nilisema au nilipiga ukelele. Wifi aliniangukia shingoni, na hapo ndipo alipolia, kilio chote cha tangu jana kikamtoka. Kamanda akavua kofia yake, akaivaa tena, akamwashiria dereva wa katapila azime na ashuke kabisa.

Lakini kumsikia si kujua alipo. Ilibidi nifungue Zege, na Zege unatumia masikio ya kwenye nguzo, na yote yapimwe upya. Fundi pampu alikuwa anachungulia shimoni na tochi, ananiambia maji yanapanda ngazi. Nikamwambia kidogo. Akaniambia tena. Nikamwambia kidogo, jamani, sauti imeshafika nguzo mbili, nasubiri ya tatu! Ya tatu ilipofika nikajua: nyuma ya nguzo ya ngazi, upande wa ndani. Kamanda akachora alama ukutani kwa rangi, vijana wakaanza kutoboa kwa nyundo na tindo.

“Washa!” nikasema.

Fundi pampu akavuta kamba. Ikakohoa, ikafa. Akavuta tena. Ikawaka kidogo, ikafa. Akaifungua, akaingiza mkono, akautoa umejaa tope mpaka kwenye kiwiko, akaifunga, akavuta. Hakuwa na utani tena. Alikuwa anavuta na kuomba radhi, anavuta na kuomba radhi, sijui kwa nani.

Nikarudi kwenye Kimya, kwa sababu hapakuwa na mpangilio mwingine wa kufungua. Miaka yote ya kazi hii sijawahi kupata sauti safi namna ile. Hakuna pampu, hakuna katapila, ni tindo za vijana tu, na watu wengine wote wamezuia pumzi. Nilimsikia mdogo wangu kama ameketi chumba cha pili. Nilisikia pigo likipanda juu, halipigwi tena kwenye ukuta bali kwenye bomba la darini, nikaelewa amesimama. Nilisikia na maji.

“Bado anagonga?” wifi akaniuliza.

“Bado.”

Vijana waliupiga ukuta kwa nguvu ili ajue tunakuja. Alisikia, lazima alisikia, lakini mwendo wake haukubadilika. Nikamkasirikia. Harakisha basi, nikamwambia moyoni. Piga kelele, mjinga wewe, lia, tukana, fanya kama watu wengine! Hakuharakisha. Alikuwa anafanya kazi.

“Bado, wifi?”

“Bado.”

Kisha pigo moja likakosekana. Likaja lingine, dogo. Nikasubiri la kufuata. Nikaongeza sauti mpaka mwisho, nikasikia maji, nikasikia tindo za vijana, nikasikia moyo wangu mwenyewe. Mstari wa shimo la ngazi ukalala, nikautazama umelala, na bado nikasubiri.

Hapo ndipo pampu ilipowaka.

Watu walishangilia, jamani, walishangilia kama mpira umeingia golini. Fundi pampu aliketi chini kwenye tope akacheka na kulia kwa pamoja. Kamanda alinitazama kwa mbali, akainua kidole kuniuliza, na mimi nikamwonyesha ukuta, waendelee kutoboa. Wifi alikuwa ameshanikumbatia na kiti changu, anaruka.

“Imewaka, wifi! Maji yatashuka sasa! Niambie, bado anagonga?”

Nikavua hedifoni, nikaziweka mezani.

“Pampu inanguruma, wifi,” nikamwambia. “Sisikii kitu.”