Mtambaazi wa Dirisha la Mama Mkwe

Dobi alikuwa amechoka tiki, mgongo unamuuma kwa mashuka ya watu, na bado kila jioni alichota kopo la maji akapita uchochoro wa nyuma. Huko jua halifiki. Ndipo familia yake ilipopanda mtambaazi mmoja wa porini unaopenda kivuli, chini ya dirisha la mama mkwe wake, ambaye hajainuka kitandani tangu mwaka jana. Kipande cha shina kilitoka msitu wa kwao mama, na msitu wenyewe umeshafyekwa. Mtambaazi huu ukifa, basi tena. Mama alitaka kitu kimoja tu duniani: auone ukichanua.

Nao ulikuwa unakufa. Majani manjano, shina limelegea.

"Kiu hii," dobi alijisemea, akamwaga, kisha akainua uso dirishani. "Hujambo, mama?"

"Sijambo, mwanangu. Pole na kazi."

Siku moja pasi ikaungua, akarudi mchana. Lo! Akamkuta mumewe, mlinzi, kope zimevimba kwa usingizi, anamimina ndoo nzima pale pale.

"Wewe! Unafanya nini?"

"Namwagilia. Kila siku kabla ya kwenda lindo. Nilikuonea huruma, mke wangu, umechoka."

Hajamaliza, binti yao msusi akatokea na jagi. Yeye alikuwa akimwagilia asubuhi. Aliwaonea huruma wote wawili, eti.

Dobi akachomeka kidole udongoni. Tope tupu. Akafukua kidogo, mizizi ikamkatikia mkononi, imeoza, inanuka.

"Jamani, tumeuua kwa huruma!"

Wakacheka kicheko cha watu wasio na nguvu. Kisha hasira zikampanda dobi, akageukia dirishani.

"Na wewe, mama! Unatuona mara tatu kwa siku. Mbona hukusema?"

Mama mkwe aligeuza uso kuwatazama.

"Nilijua tangu wiki ya kwanza," alisema. "Lakini mkija kumwagilia, mnasimama hapo mnanijulia hali. Ningewakataza, nani angepita huku?"

Mlinzi akatazama chini. Binti akaficha jagi nyuma ya mgongo, sijui kwa nini. Dobi aliona aibu, machozi yakamtoka mbele ya wote.

Nguo za watu zilikuwa zinamngoja. Aliichukua ndoo, akaipindua, akaikalia.

"Haya, mama," alisema. "Huo msitu wenu ulikuwaje?"