Nakhumicha na Bomba la Shingoni

Nakhumicha alikuwa akilia bila sauti. Kwa sababu hiyo Nelima, mama yake, hakuthubutu kumpa mgongo kwa muda mrefu. Mtoto wa mwenzako akianguka, utamsikia hata ukiwa kisimani. Wa kwake angeweza kufa pale nyuma yake huku yeye akikoroga uji.

Dondakoo ndilo lililomwachia mtoto hali hiyo. Lilimshika akiwa na miaka miwili, koo likavimba likaziba, na madaktari wa Nairobi wakamkata shingo na kumtia bomba dogo la chuma apumulie. Uvimbe ulipopoa walijaribu kulitoa, lakini mtoto akageuka rangi ya majivu, wakalirudisha mbio. Walisema koo limebaki jembamba, angojee akue. Mabomba yenyewe yalikuwa mawili: la nje lililofungwa kwa utepe nyuma ya shingo, na la ndani la kuchomolewa na kusafishwa kila lilipojaa makohozi. Nesi alimfundisha Nelima kulichemsha kwa magadi na kulipitishia unyoya wa kuku uliochemshwa pia. Mtoto alipotaka kusema, ilimbidi azibe tundu kwa kidole, na hata hivyo yalitoka maneno machache tu, makavu, kama ya mzee aliyeamka na homa.

Waliishi kwenye shamba la kahawa, kati ya Ruiru na Thika. Walikuja huko kutoka Kimilili wakati wa Hali ya Hatari, serikali ilipokuwa ikiwakamata Wakikuyu waliohisiwa kuasi, na wazungu wa mashamba wakitafuta wafanyakazi wasio Wakikuyu. Erastus, mume wa Nelima, alipata kazi kwenye mashine ya kumenya kahawa. Nelima alipata jembe. Nyumba waliyopewa kwenye laini za wafanyakazi ilikuwa na mwenyewe kabla yao. Bwana wa nyumba hiyo alichukuliwa na askari kwenda kizuizini, na mkewe, Wamboi, akahamishiwa kwenye kijiji cha kulindwa na askari, kilichozungushiwa handaki na miti yenye ncha. Sasa alikuja kila asubuhi na karatasi ya ruhusa, akilima mikahawa mistari michache tu kutoka kwa mwanamke aliyelala nyumbani kwake.

Januari ya mwaka wa 1958 mke wa mzungu alifungua nasari, shule ya watoto wadogo, katika ghala la zamani la magunia. Habari ilienea kwamba mtoto aliyepita hapo ndiye atakayepokelewa darasa la kwanza kule misheni ya Ruiru. Nelima aliposikia hivyo hakulala vizuri. Nakhumicha alikuwa ametimiza miaka mitano. Watoto wengine wangeweza kuishi kwa mdomo tu, kwa kupiga kelele na kuita watu. Wa kwake, asipojua kuandika, atabaki bubu maisha yake yote.

Akamwogesha, akamfunga kitambaa kibichi shingoni kuzuia vumbi, akampeleka.

Mwalimu alikuwa msichana aitwaye Waithira, amevaa sketi iliyopigwa pasi. Alisikia ule mluzi wa pumzi kabla ya kuona kitambaa. Alisimama mlangoni na hakusogea.

"Mama, huyu siwezi."

"Huwezi nini? Hajakuuliza kitu."

"Akinifia hapa, nani atafungwa? Si wewe. Ni mimi."

"Nitakuonyesha namna ya kusafisha. Ni jambo dogo."

"Sikusomea unesi," Waithira alisema. "Na hawa wengine wataogopa. Tazama."

Ni kweli, watoto walikuwa wamerudi nyuma hadi ukutani. Mmoja alianza kulia, na Nelima akamchukia mtoto huyo asiyemjua, kwa sababu ya sauti yake nzuri.

Habari ilifika shambani kabla ya Nelima. Wanawake walikuwa wakitandaza nyasi chini ya mikahawa. Wamboi hakuinua kichwa, lakini alisema kwa Kiswahili, ili asikike na kila mtu:

"Wamechukua nyumba, sasa wanataka na benchi la watoto wetu. Na mtoto mwenyewe analia mluzi kama nyoka."

Wengine walicheka. Nelima alimrukia. Walianguka pamoja kwenye nyasi, na ikabidi nyapara Muthoka, Mkamba mrefu asiyependa usumbufu, awatenganishe kwa fimbo. Aliwapiga wote wawili, kila mmoja sawa na mwenzake.

Jioni Erastus alimtazama mkewe, shavu limechubuka, akasema pole pole, "Tumpeleke kwa mama, Kimilili. Huku watu hawamtaki."

"Kwa mama yako moshi umejaa nyumba nzima, na macho yake hayaoni hata uzi wa sindano. Nani atachomoa bomba?"

"Atajifunza."

"Sema unataka tukamzike mbali, nitakuelewa."

Erastus alitoka nje. Hakuwa mtu mbaya. Alichoka, na kila mara mtoto alipokohoa yeye ndiye aliyetetemeka zaidi. Lakini usiku ule na siku zilizofuata hawakusemeshana ila kwa mambo ya chumvi na kuni.

Ndipo Nelima akaanza kumfundisha mtoto mwenyewe. Alimkalisha kizingitini, na tundu lilipoanza kukoroma hakumsaidia kama zamani. Alikalia mikono yake.

"Toa mwenyewe."

Nakhumicha alimtazama, machozi yakimtiririka, mabega yakipanda na kushuka. Vidole vidogo viliteleza kwenye chuma.

"Geuza kwanza, ndipo uvute. Siko hapa. Mama amekwenda shamba. Toa!"

Majirani walipita wakaona. Waliona mama mzima amekaa anamtazama mtoto akikosa hewa. Mmoja wao, mwanamke wa Maragoli aliyekuwa hata rafiki yake, alimwambia, "Wewe una roho ya chui." Mtoto alipofaulu mara ya kwanza, mama yake hakumpongeza. Alimwambia afunge macho na arudie. Mchana ule Nakhumicha alikataa uji kutoka mkononi mwake, akaenda kula kwa baba yake, na Nelima akauona mgongo wa binti yake umegeuzwa kwa makusudi. Hilo lilimuuma kuliko fimbo ya nyapara. Kesho yake alimkalisha tena.

Mtoto alipokuwa na uwezo wa kuchomoa na kurudisha bila kutazama, Nelima alimrudisha nasari. Hakuomba. Alimwambia Waithira, "Tazama," na Nakhumicha akageuza, akavuta, akapangusa kwa kitambaa safi, akarudisha. Kisha akaziba tundu kwa kidole na kusema, "Shikamoo, mwalimu."

Waithira alisogea kando ya mlango. "Wiki hii tu. Nikiona damu, basi. Na wazazi wakilalamika, usinilaumu mimi."

Walilalamika siku ile ile. Walisema ugonjwa ule utaruka. Walisema mtoto mwenye shimo shingoni hakuzaliwa na watu wema. Lakini Nakhumicha aliendelea kukaa mwisho wa benchi, peke yake, akichora herufi kwenye kibao huku wenzake wakiimba. Nelima alibadilisha mstari wake wa kulima ili aweze kuliona paa la ghala.

Alhamisi watoto walipewa udongo wa mfinyanzi wafinyange ng'ombe. Nelima alisikia kelele, kisha akamwona Waithira anakimbia kati ya mikahawa bila viatu, mikono hewani.

"Mama Nakhumicha! Mama Nakhumicha!"

Nelima alitupa jembe. Hakukumbuka baadaye alivyofika. Ndani ya ghala watoto walikuwa wamejibana pembeni, na Nakhumicha ameketi sakafuni, midomo yake bado ya buluu, kifua kikienda kama mvukuto wa mhunzi. Bomba la nje lilikuwa mahali pake, wazi, likipitisha hewa. Bomba la ndani alikuwa amelikamata kwenye ngumi. Mdomo wa bomba hilo ulikuwa umeshindiliwa udongo, ukakaza kama kizibo cha chupa.

"Amelitoa mwenyewe," Waithira alisema, akihema mlangoni. "Niliona anajipiga kifua, nikakimbia kukuita. Nimegeuka pale nje nikaona... amelitoa mwenyewe."

"Ulikimbia," Nelima alisema.

"Nilikimbia."

Nelima alipiga magoti. Aliyasafisha mabomba yote mawili bila haraka, akalirudisha la ndani. Kisha akauliza, "Nani?"

Nakhumicha aliinua kidole akaziba shingo. "Wakonyo."

Wakonyo alikuwa binti wa Wamboi. Alikuwa amesimama nyuma ya wenzake, mikono myekundu kwa udongo hadi viwikoni. Alisema kwa sauti ndogo, "Nilitaka asipige mluzi."

Mkono wa Nelima uliinuka wenyewe. Waithira akauona, akaingia kati, na Nelima akaushusha. Alimbeba mtoto wake akatoka.

Kabla ya jua kutua nyapara alitangaza mkutano. Jumamosi, baada ya kazi, wazazi wote waje ghalani. Bibi mkubwa, mke wa mzungu, alikuwa amesikia, na hakutaka kusikia mambo ya namna hiyo mara ya pili. Mtoto wa bomba atoke au abaki, wazazi waamue, na aliyetenda ajulikane.

Ijumaa Nelima alimfuata Wamboi mahali alipokuwa akitandaza nyasi, mbali kidogo na wengine.

"Ni mtoto wako aliyeziba."

Wamboi aliendelea na kazi. "Nani amesema? Huyo wako hasemi."

"Amesema. Na mwalimu aliona mikono."

"Nimeshampiga."

"Sikuja kwa habari ya kumpiga. Kesho Muthoka atauliza. Nikitaja jina, Wakonyo ataondolewa nasari, na wewe hutapigiwa tena muhuri wa kutoka kijijini. Mke wa mtu aliye kizuizini, mtoto wake ametaka kuua. Unajua watakavyosema."

Sasa Wamboi alinyooka. Uso wake ulikuwa umekauka.

"Taja basi. Mlikuja kwa lori, sisi tukatolewa kwa bunduki. Hamjaanza leo."

"Mimi sikukutoa."

"Ulilala kwenye kitanda changu."

Kitanda walikikuta kweli, na nguo ya mtoto mchanga imeachwa mvunguni. Nelima aliifua akamvika Nakhumicha. Hilo hakulisema.

"Sitataja," alisema. "Lakini wewe utasimama kwanza kabla ya wote, useme mtoto wangu akae. Wakikuona wewe, wengine hawatapinga."

"Na nikikataa?"

"Nitataja."

Wamboi alicheka, kicheko kifupi kisicho na meno. "Nilidhani una uchungu wa mtoto. Kumbe umekuja sokoni."

"Nina uchungu wa mtoto," Nelima alisema. "Ndiyo maana nimekuja."

"Ngai akulipe, Mungu wa kwetu." Wamboi alitema mate kando, si mbali na miguu ya Nelima, akainamia nyasi zake.

Jumamosi ghala lilijaa. Wanaume walisimama ukutani, wanawake wakaketi kwenye mabenchi madogo ya watoto, magoti juu. Erastus alikuja akasimama karibu na mkewe, jambo ambalo Nelima hakulitarajia. Muthoka aligonga fimbo sakafuni.

"Nani anasema atoke?"

Mikono ilianza kuinuka. Kabla haijahesabika, Wamboi alisimama.

"Mimi simpendi mama yake. Nyote mnajua, na sababu mnaijua, na wengine wenu mlitazama wakati tunatolewa." Hakumtazama Nelima hata kidogo. "Lakini mtoto yule alijitoa kwenye kifo kwa mkono wake mwenyewe. Ni nani kati ya watoto wetu angeweza? Akae. Atakayemtoa, amtoe na wangu pia."

Mikono ilishuka mmoja mmoja. Mtu mmoja alinung'unika kuhusu ugonjwa wa kuambukiza, na Waithira, aliyekuwa ameinamisha kichwa wakati wote, akasema kwa ukali kwamba dondakoo lilikwisha zamani, hata daktari wa Thika anaweza kuulizwa.

"Na aliyeziba?" Muthoka aliuliza. "Mama Nakhumicha, ni nani?"

Nelima alihisi macho ya Wamboi kwa mara ya kwanza. Hayakuwa yakiomba.

"Ni mchezo wa watoto," alisema. "Sikuwepo."

Muthoka alijua anadanganywa. Waithira naye alijua. Lakini ilikuwa Jumamosi na watu walitaka kwenda zao.

Nje, Erastus alimshika mkewe mkono. "Mwanamke yule ana moyo," alisema.

"Hana," Nelima alijibu. "Wala mimi sina." Hakumweleza zaidi, siku ile wala baadaye.

Jumatatu Waithira aliwangoja mlangoni, mikono imerowa na inanuka sabuni.

"Nionyeshe," alisema. "Mbele yake, ili aseme nikikosea."

Nelima alimwonyesha. Mwalimu alivuta moja kwa moja, bomba likagoma, na Nakhumicha akakunja uso. Aliziba tundu lake.

"Geuza kwanza," alimwambia mwalimu. "Ndipo uvute."

Waithira aligeuza, akavuta. Nyuma yao Wamboi aliingia na Wakonyo, akamsukuma binti yake hadi kwenye benchi, akatoka. Yeye na Nelima walipishana mlangoni, bega kwa bega, na hakuna aliyempisha mwenzake. Waliendelea kulima kahawa ile ile kwa miaka mingi, wakasikia watoto wao wakisoma, na hawakusalimiana kamwe.