Picha Juu ya Chanja

Kabibi alikuwa mchoraji, na Rumonge nzima ilimjua kwa kazi hiyo, ingawa wengi walijiuliza mchoraji anakula nini. Kwa miaka mingi aliandika majina ya maduka na kupamba mitumbwi ya wavuvi. Kila mwenye saluni aliyetaka kichwa kizuri ukutani alimwita yeye. Kisha, watoto wake walipokua, akaanza kuchora ziwa.

Atelye yake, yaani chumba chake cha kuchorea, ilikuwa ghala la zamani la mawese, karibu sana na ufuko. Kuta zake zilikuwa zimekunywa mafuta miaka na miaka, hata jua likipiga bati, chumba kizima kinanukia kama chungu cha maharage. Mle ndani Kabibi alinyoosha magunia na vyandarua vikuukuu juu ya fremu za mbao, akavipaka uji mzito wa muhogo, akaacha vikauke hadi vikaze kama ngozi ya ngoma. Hapo ndipo alipochora. Rangi nyekundu aliitoa kwenye udongo wa milima ya Vyanda, nyeusi kwenye masizi ya mapipa ya kuchemshia mawese. Buluu peke yake ndiyo aliyoinunua Bujumbura, kwa sababu, alisema, ziwa halikubali kuigizwa kwa udongo.

Vyandarua hivyo aliviokota ufukoni, na havikuwa vimetupwa na watu waliochoka kulala ndani yake. Vilikuwa vya kuvulia. Watu walivikokota kando ya matete, pale samaki wanapotaga, na matundu yake madogo hayakuacha kitu: hata samaki waliozaliwa jana walinaswa. Kabibi aliliona jambo hilo kila asubuhi mlangoni pake, likamkera, na siku moja akalichora.

Picha ilikuwa kubwa kuliko zote alizowahi kuchora. Ilionyesha mikono inavuta chandarua, na beseni lililojaa vifaranga vya samaki vidogo kama punje za mchele. Juu ya beseni palining'inia pindo la kitenge chenye kasuku wa njano. Uso hakuuchora. Lakini ufuko mzima ulijua kasuku wale ni wa nani.

Walikuwa wa Speciosa, mama yake Revokatus, aliyeanika ndagala, dagaa wa ziwa lile, nyuma ya atelye na kuwaongoza wanawake wenzake wa kazi hiyo. Alizaliwa ukimbizini Tanzania, akarudi mtu mzima na Kiswahili kilichonyooka, ambacho watu wa mjini walipenda kukitania. Yeye na Kabibi walikuwa wakigawana uji asubuhi. Alipoingia siku hiyo kuomba kiberiti, aliikuta picha imeegemezwa ukutani. Akaliinamia pindo la kitenge.

"Hii inakwenda wapi?"

"Bujumbura," Kabibi akajibu. Hakuweza kuficha furaha yake. "Mama Benita, ule mwenye nyumba ya maonyesho, amenipa nyumba nzima ya kuonyesha tablo zangu. Mara ya kwanza iko yangu peke yangu, Mama Revo!"

Speciosa akalitazama tena lile pindo la kitenge.

"Dada Kabibi, mimi kazi yangu kuanika ndagala. Wewe umenianika mimi."

Akatoka bila kiberiti. Tangu siku hiyo wanawake wa ndagala walipita mlangoni kama wanaopita kwenye nyumba isiyo na mtu. Kabibi alijiambia kwamba ukweli una uchungu wake, na kwamba hakusema uongo wowote. Hata hivyo uji wa asubuhi ulimshinda kumaliza peke yake.

Zikabaki siku chache kabla ya Benita kuja kuzichukua picha. Binti wa shangazi yake Kabibi alikuwa anaolewa Nyanza-Lac, na harusi ya ndugu haikwepeki. Kabibi akafunga atelye kwa kufuli, akaenda. Kule mvua ikanyesha usiku kucha, mvua ya kupasua anga, lakini ngoma na pilau vilimfanya asiifikirie sana. Ziwa lilikuwa limepanda miaka hiyo, kila mtu aliliona. Nyumba za mbele zilikuwa zimeshahamwa. Kabibi aliamini kwamba ghala lake bado lina muda.

Alirudi Rumonge asubuhi jua likiwa limeshakolea. Alipokata kona kuelekea ufukoni, akasimama ghafla. Picha zake zilikuwa nje. Zimelazwa juu ya chanja za waya, mahali pa ndagala, safu kwa safu, macho juu, na wanawake wanazunguka katikati yake. Katikati kabisa palilala ile picha ya chandarua. Watu wamesimama barabarani wanatazama, wengine wananyoosha vidole.

Kabibi akaona ameelewa: wamevunja mlango, wamemwanika kama alivyowaanika.

"Muko munafanya nini?" akapiga kelele tangu mbali. "Nani amewaambia mufungue mulango wangu? Kama muko na hasira na mimi, si mungenitukana tu? Hii ni jasho yangu! Ni miaka yangu!"

Speciosa akatoka nyuma ya chanja. Nguo zake zilikuwa zimelowa hadi kifuani, na matope yamemkauka mikononi. Hakuonekana mwenye hasira, alionekana amechoka.

"Njoo uone," akasema.

Akamshika mkono, wakazunguka ghala. Ziwa lilikuwa limeingia. Mlango uling'olewa bawaba moja, na ndani maji ya rangi ya chai yalifika magotini. Makopo ya rangi yanaelea, kigoda kinaelea, ukuta wa upande wa ziwa umelala chini. Kabibi alitazama pale picha zake zilipokuwa zimeegemezwa. Uji wa muhogo ukilala majini huyeyuka. Muda kidogo zaidi, na asingekuta hata kipande cha kufutia meza.

"Mawimbi yalianza alfajiri," Speciosa alieleza. "Tulikuwa tunaokoa ndagala zetu. Kisha mmoja akasema, na picha za Kabibi? Tukaingia. Tulizibeba kichwani, moja moja. Nne tumezikosa, utusamehe."

"Na ndagala zenu?"

Speciosa akaonyesha chanja zilizobeba picha. "Chanja ni hizi tu."

Ndipo Kabibi alipoona majamvi chini ya michikichi, na ndagala zimerundikwa juu yake, mbichi, nzi wamezitawala. Zilikuwa zimepisha picha zake. Akakaa chini pale pale kwenye mchanga, katika nguo zake za harusi, akalia. Wanawake wakamwacha alie. Mmoja akamletea chai.

Machozi yalipomwisha, akauliza, "Na ile ya chandarua, mulibebea nini? Mungeiacha ikaenda na maji."

"Niliibeba mwenyewe," Speciosa akasema. "Si nimo humo? Ningejiacha nizame?"

Wanawake wakacheka, na Kabibi naye akacheka na kamasi zake.

Kisha Speciosa akaketi kando yake, akasema kwa sauti ya chini, "Kuna mwaka mkondo ulichukua wavu wa Pontiani, mume wangu. Tukavua na chandarua msimu mzima. Kila nikimwaga beseni nilijua ninachomwaga, dada. Hukuniuliza. Ulichukua mikono yangu na kitenge changu, uso ukauacha, kama vile sina. Ukitaka kunichora mwizi wa ziwa, nichore. Lakini nichore mzima."

"Nitakuchora muzima," Kabibi akasema. "Unisamehe, Mama Revo. Kweli nilikosa."

Akauongeza uso kwenye picha ile ile, pale pale chanjani, siku mbili, Speciosa akiwa anageuza ndagala zilizosalimika. Uso ule ulipoingia, picha ikabadilika yote. Mikono iliyokuwa ya mharibifu ikawa ya mwanamke anayetazama beseni na kujua, na hana pengine pa kushika.

Benita alipofika kutoka Bujumbura, alizikuta picha zimekauka, zimejikunja pembeni, na kila moja ina mstari wa matope pale maji yalipoishia. Kabibi akajitolea kuufuta.

"Usiguse," Benita akasema. "Ziwa limetia sahihi yake. Ila hii harufu..."

"Hiyo haitoki, Mama Benita."

Kweli haikutoka. Siku ya ufunguzi mzee mmoja mwenye tai aliinamia picha, akanusa, akageuka kwa mshangao, Kifaransa kikimtangulia: "Mais, iko inanuka ndagala!" Ukumbi ukaangua kicheko. Kabibi, aliyekuwa ameandaa maneno makubwa ya Kifaransa kuhusu mazingira, akayasahau yote. Akaeleza tu kwa nini zinanuka ndagala. Akawataja wanawake kwa majina, akatamka *murakoze*, asante ya Kirundi, baada ya kila jina, akamwonyesha Speciosa aliyesimama mlangoni amejitanda kitenge kipya. Watu wakampigia makofi hadi Speciosa akafunika uso, kisha akaufunua.

Watu walisimama sana mbele ya picha ile. Haikuuzwa, Kabibi alikataa. Nyingine zilipata wenyewe. Na wiki zilizofuata, wavuvi watatu walimletea vyandarua vyao bila kuitwa. Wa kwanza alikuwa Pontiani, aliyekwisha kupata wavu halali. "Chora na hiki," alisema, "mimi sina haja nacho tena." Wengine ufukoni bado wanavua vilevile, na Kabibi hadanganyiki kwamba picha imewageuza.

Ghala halikufaa tena. Wanawake wa ndagala wakampa nusu ya banda lao la juu, karibu na barabara, ambako maji hayajafika. Asubuhi ya kuhamia walikuja mmoja baada ya mwingine: huyu na kigoda, huyu na bidoni la maji, mwingine na pazia la dirisha lililofifia. Kabibi alipokea kila kitu kwa mikono miwili. *Murakoze, murakoze cane.* Alhamdulillahi. Akamwambia wa kigoda, akamwambia wa pazia, akaanza kumrudia wa kigoda.

"Basi, dada," Speciosa akasema, akimimina uji katika vikombe viwili. "Kunywa kwanza, jua bado changa."