Sweta Juu ya Sweta

Kilio hicho Chepngeno alikijua. Alitupa kikapu cha majani chai mlangoni akaingia jikoni. Mama mkwe wake, Rodah, alikuwa kando ya moto amempakata Bethwel, mtoto wa miaka miwili: kofia ya sufu hadi kwenye nyusi, sweta juu ya sweta, na shuka juu ya yote.

"Mama! Tuliongea nini asubuhi?"

"Uliongea wewe. Mimi nilinyamaza."

"Mwili unachemka!"

"Ana homa. Ndiyo maana nimemfunika."

Hapo ndipo Chepngeno alipochoka. Sweta zinaleta joto, joto linaleta sweta nyingine. Zahanati walimpa mtoto dawa za malaria hadi daktari wa hospitali kubwa alipotazama meno yake machache yaliyochongoka, nywele zake haba na ngozi yake kavu, akasema alizaliwa hivyo, bila tezi za jasho. Joto likimwingia, halina pa kutokea. Chepngeno ameeleza nyumbani, ameeleza kanisani. Watu huitikia kwa kichwa, kisha humfunika.

Alimnyakua mtoto, akamvua vyote, akaanza kumpangusa kwa kitambaa cha maji. Macho ya Bethwel yalikuwa yamelegea.

"Maji, na baridi hii ya Mogogosiek!" Rodah alisimama. "Nimezika wawili kwa nimonia, wewe hujazaliwa. Utanifundisha nini?"

Chepngeno aliushika mkono wa mama mkwe wake, akaubandika kwenye shingo ya Rodah mwenyewe, iliyolowa, kisha kwenye mgongo wa mtoto.

"Mmeota moto mmoja. Jasho lake liko wapi?"

Rodah alipapasa mgongo, akapapasa kwapa, akapapasa kisogo. Palikuwa pakavu kila mahali. Alikaa chini polepole, akaanza kumpepea mtoto kwa kitambaa chake cha kichwa. Baada ya muda Bethwel alifumbua macho, akataka maziwa.

Yunia wa jirani alichungulia mlangoni. "Wee Chepngeno! Mtoto uchi na mvua hii? Huna huruma?"

Chepngeno alifungua kinywa ajibu. Lakini Rodah alitangulia. "Hatoki jasho," alisema, kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba.

"Ati nini?"

"Hatoki jasho, Yunia!"

Hata alipokuwa akisema hivyo, mkono wake wa pili ulikuwa ukitambaa kuelekea shuka. Chepngeno aliikalia.