Tiketi Tatu Mkononi mwa Mkaguzi

Mkaguzi hakuwa na meno ya upande wa kulia. Hakuwa na mke, alikwisha kumzika. Hakuwa na ufunguo wa mlango wa mbele wa nyumba aliyokuwa akiishi, kwa hiyo aliingilia jikoni. Hakuwa na ruhusa ya kukalia makochi ya sebuleni, ambayo mkamwana wake aliyafunika kwa nailoni na kuyalinda kama mboni ya jicho. Hakuwa na subira, na hata zamani alipokuwa nayo hakuitumia. Alichokuwa nacho ni nyumba yake mwenyewe katika mji mwingine, aliyoijenga tofali kwa tofali kwa mshahara wa reli. Sasa alikaa humo fundi cherehani kama mpangaji. Na nyumba hiyo ndiyo mwanawe na mkamwana wake waliyotaka aiuze, abaki kwao moja kwa moja, katika chumba cha uani.

Walimpeleka likizo ili wamlainishe. Hawakusema hivyo, lakini mtu aliyekagua tiketi kwenye treni maisha yake yote humtambua mapema msafiri anayekuja na maneno matamu.

"Baba, wewe pumzika kwanza," mwanawe alimwambia. "Tukirudi utatupa jibu."

Mpaka atoe jibu, nyumba isiguswe. Walikubaliana hivyo na kupeana mikono.

Basi asubuhi moja wakaenda kutazama nyumba ya jaji wa zamani iliyogeuzwa makumbusho. Mwanawe akakata tiketi tatu, na kabla hajazitia mfukoni Mkaguzi alishazinyakua. Akazigeuza mbele na nyuma, akaziinua juani.

"Baba, hizo ni halali," akasema mkamwana. "Zimetoka dirishani sasa hivi, unaona."

"Nimewashusha wengi waliosema hivyohivyo."

"Haya, tusimame hapa mpaka uridhike. Kwani tumekuja likizo kufanya nini?"

Ndani, kila mlango ulikuwa na kamba nyekundu na kibao: usiguse, usikalie, usivuke. Mkaguzi akavisoma vyote kwa sauti, kimoja baada ya kingine, kisha akaanza kucheka peke yake.

"Mwanangu, si tungebaki nyumbani tu? Kule kilichokosekana ni kamba."

"Kamba nitanunua," mkamwana akajibu bila kugeuka. "Tena ndefu."

Msichana aliyekuwa akiwatembeza akajitia kukohoa, akawapitisha haraka chumba cha kulia na maktaba. Nyuma ya jikoni akafungua chumba chembamba chenye kitanda cha chuma, beseni na dirisha dogo lililotazama ukuta.

"Hapa ndipo alipoishi baba yake jaji uzeeni," akasema. "Familia ilimtunza vizuri sana."

"Umesikia, Baba?" mkamwana akadakia. "Baba wa jaji mzima! Alikaa chumba cha nyuma na akatulia."

"Alitulia kwa sababu alikufa."

Mwanawe akainama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake kila baba yake na mkewe waliporushiana maneno.

Wakatokea bustanini. Kulikuwa na mawaridi, bwawa la samaki na ua wa michongoma uliokatwa ukanyooka kama ukuta. Mtu na mkewe wakaenda kupigana picha. Mkaguzi, aliyeona kwamba maua ni maua tu, akarudi kwenye mlango wa nyuma wa nyumba. Hapo palikuwa na bawabu aliyetaka tiketi kwa kila anayeingia kutoka bustanini. Mkaguzi akampenda mara moja. Akaonyesha tiketi yake bila kuombwa, akaketi kwenye benchi lake, wakaanza kuwasengenya abiria na wageni.

Hapo akaja mkamwana, anatembea upesi, magoti yamebanana.

"Tiketi, mama," akasema bawabu.

"Anayo baba mkwe wangu, huyo hapo. Nipishe kaka, nawahi chooni."

"Mzee, huyu ni wako?"

Mkaguzi akamtazama mkamwana wake toka utosini hadi unyayoni, kama alivyokuwa akiwatazama wale waliojificha chini ya viti vya treni.

"Simfahamu," akasema.

Watu waliokuwa nyuma wakacheka. Mkamwana hakucheka. Akaipandisha sauti.

"Hunifahamu. Chai uliyokunywa leo alikumiminia nani? Usiku ukikohoa, anayeamka kukuletea maji ni nani? Mwanao? Mwanao analala kama gogo!"

Ilikuwa kweli, na ilimchoma. Lakini akazidi kuzibana tiketi kiganjani.

"Mwenye tiketi hapigi kelele," akasema.

"Sawa. Mimi usinifahamu. Yupo mnunuzi anayekufahamu vizuri. Nyumba yako ameshaiona vyumba vyote, na fundi cherehani ameshaambiwa afungashe. Aliyemtembeza ni huyohuyo mwanao. Haya, zikalie hizo tiketi!"

Mwanawe alikuwa amefika nyuma ya mkewe na kamera shingoni.

"Kweli?" Mkaguzi akamuuliza.

"Baba, ilikuwa kuangalia tu. Tulijua utakubali."

"Tulipeana mikono."

"Baba, watu wanatusikiliza."

Mkaguzi akainuka, akampa bawabu tiketi mbili. "Hawa ni wawili. Wapitishe." Ya tatu akaitia mfukoni. "Mimi nimeshashuka." Mkamwana akapita mbio bila kumtazama.

Hotelini akaomba karatasi na bahasha mapokezi, akapanda nazo chumbani. Simu hakuitaka, kwa sababu neno la simu mtu hulikana kesho yake. Akamwandikia fundi cherehani kwa mwandiko wake wa kulala: asifungashe kitu, asimfungulie mtu yeyote, hata akiwa mtoto wa mwenye nyumba. Amwachie chumba cha mbele tu. Vilivyobaki aendelee kupanga. Mwisho wa mwezi anakuja mwenyewe.

Mwanawe alikuwa amesimama mlangoni. "Baba, nipe mimi nikakutumie."

"Mkono wako nimeshaushika mara moja. Yatosha."

Akaulamba ukingo wa bahasha, akaigandamiza kwa ngumi mezani, akashuka nayo. Mkamwana alikuwa ameketi ukumbini, macho yake mekundu.

"Na huko uendako," akauliza, "maji ya usiku utaletewa na nani?"

Mkaguzi akajifanya hakusikia. Akatoka hadi kwenye sanduku la posta, akaisukuma barua ndani, akaligonga sanduku kwa kiganja mpaka akaisikia inaanguka.