Mikono ya Noonkishu

Jumamosi asubuhi Waruguru alifika kwenye ploti yake ya Kisaju kuumwagilia maji ukuta wa nyumba aliyokuwa akijenga usije ukapasuka, akakuta sebule imeshapigwa plasta. Haikuwa ya saruji. Ilikuwa ya udongo na mavi ya ng'ombe, laini, imepakwa kwa viganja kutoka chini hadi juu ya madirisha.

"Hii finishing imenishinda," alisema fundi wake, Opiyo, mwiko mkononi. "Nikiitoa niende chai, napata imerudi."

Waruguru si mtu wa kununua ardhi kichwakichwa. Alienda ofisi ya ardhi Kajiado kuhakikisha jina la mwenye shamba. Alizunguka mipaka yote na mpimaji. Aliuliza kama maji ya kisima yana chumvi, na kama barabara ya kuingilia iko kwenye ramani au ni ya mdomo tu. Siku ya bodi ya ardhi, Mzee Parsaloi aliyemuuzia alikuja na mkewe, kama sheria inavyotaka. Mama huyo, shanga tele shingoni, aliulizwa kama amekubali shamba liuzwe, akaitikia kwa kichwa. Kikao kikaisha upesi na Waruguru akafurahi, maana njaa ilikuwa inamuuma.

Sasa aligeuza ndoo, akaikalia, akangoja. Mchana mikono miwili yenye bangili za shanga iliingia mlangoni bila mtu. Ikachota udongo, ikaanza kupaka. Kila ilipopita, pembe za ukuta zililegea zikawa mviringo, na chumba kikajaa joto la maziwa yaliyotoka tu kukamuliwa, ingawa nje baridi ya Julai ilikuwa inakata masikio. Waruguru alivua viatu. Tangu azaliwe hakuwa ameona kitu kizuri hivyo, na hata kanisani hakuwahi kunyamaza vile.

Jioni mikono ilipoondoka, aliifuata hadi sokoni. Ilikwenda kwa mama mmoja mzee anayeuza maziwa, ikaingia chini ya shuka lake. Wateja walikuwa wakijipimia wenyewe, kama kawaida yao.

"Takwenya," Waruguru alimsalimu kwa Kimaasai.

"Iko."

"Mama, hiyo mikono imetoka kwangu."

"Nimeikataza, haisikii. Hapo ndio nilijenga nyumba nikiolewa. Kwetu nyumba ni ya mama. Mzee ni kulala tu."

"Wewe ni bibi ya Parsaloi?"

"Ni mimi, Noonkishu. Hana mwingine."

"Na yule alikuja naye kwa bodi?"

"Huyo ni dada yake."

Aibu ilimpanda Waruguru hadi usoni. Angeweza kurudi bodi akaseme. Alifikiria mabati yaliyokuwa yameshafika, akafikiria ule ukuta.

"Lakini niko na title, mama," alisema polepole.

"Najua."

Alinunua maziwa, akaenda zake.

Alihamia Desemba. Wageni wake huvua viatu mlangoni bila kuambiwa, wakagusa ukuta, wakashusha sauti. Mvua ikinyesha, hakuna tone linaloingia, kwa sababu mikono hufika kabla ya wingu. Waruguru huitengea maji moto ya kunawa. Noonkishu amepanga chumba cha mabati nyuma ya soko. Kinavuja juu ya kitanda, na mvua ikianza, hana mikono ya kukisogeza.